Ziko Mbili, Anko

Ilianza jana, Jumamosi ya tarehe 27 Mei 2006, saa nane na robo mchana. Saa naijua vizuri kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye saa ya mkononi ya Tonton Ilunga (tonton ni anko kwa Wakongo), aliyekuwa akinihesabia sekunde za kujibu, na nilikuwa naitazama ile saa kwa kuwa sikutaka kutazama watu. Naandika huku uso unaniwaka. Naona haya hata mbele ya karatasi. Lakini niseme mapema, kabla sijafika pale nilipolowa na kunukia iliki mwili mzima: mimi sikukosea. Nilianguka, ndiyo. Nilimwaga biriani ya watu wenye njaa, ndiyo. Lakini jibu langu lilikuwa sahihi, na hilo hakuna hata mmoja anayelizungumzia.

(Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mdogo wangu Juma amezaliwa huku Marekani, ukimsemesha anaelewa kila kitu na kukujibu kwa Kiingereza, lakini kukisoma hawezi. Kwa hiyo maneno yangu yako salama kuliko ningeyafungia kufuli.)

Lazima nianze na besimenti, maana bila besimenti hakuna lolote.

Besimenti ni ya Anko Mbaraka, iko chini ya nyumba yake kule Adelphi. Anko Mbaraka si mjomba wangu wa damu, ni mtu wa kwetu Tanga, alisoma darasa moja na Mama, na tulipoingia Marekani nikiwa na miaka kumi ndiye aliyetupokea uwanja wa ndege akiwa amebeba makoti ya kuazima. Nampenda. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu kuanzia hapa sitaonekana kama nampenda. Ana dishi juu ya paa na analipia chaneli inayoonyesha ligi ya Uingereza, na kila Jumamosi ya msimu, saa nne asubuhi, ambayo kule Uingereza ni saa tisa alasiri, wanaume wanamiminika, Watanzania, Wakenya, Wakongo, wanavua viatu mlangoni, wanamsalimia Anti Zuhura mke wake, wanashuka ngazi, na mlango unafungwa. Wanawake wanabaki jikoni juu. Mimi nina miaka kumi na sita na nabaki jikoni juu.

Hakuna aliyewahi kutamka kwamba ni marufuku. Ni mazoea tu, na mazoea ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu huna wa kumlaumu. Kwa hiyo mpira nimejifunza kupitia sakafu. Nakata kachumbari huku nasikiliza: kelele zikipanda halafu zikakatika ghafla, mpira umegonga mwamba, zikipanda na viti vikaburutwa, ni bao, pakiwa kimya kabisa halafu mtu mmoja akacheka peke yake, basi timu ya Anko imefungwa. (Timu yake siitaji humu. Kalamu inakataa. Ni ile ya London kaskazini, mtaijua wenyewe.)

Yaliyobaki nimeyapata kwenye kitabu kinene cha takwimu nilichonunua kwa senti chache kwenye mauzo ya vitabu vikuukuu Riverdale Park, kina kila msimu tangu ule wa kwanza kabisa wa 1888, timu kumi na mbili tu, mechi ishirini na mbili kila moja. Wenzangu shuleni wanakariri nyimbo, mimi nakariri misimamo ya ligi. Mtu mwenye haya kama mimi hupatana sana na namba. Hazikuulizi mbona umenyamaza.

Sasa, mwezi wa tatu nilijikaza. Nikangoja Anko apande kuchukua chai, nikamwomba niruhusiwe kushuka japo nusu saa. Akacheka, si kwa ubaya, akasema nikishuka nitaanza kuwauliza mchezaji gani mzuri wa sura, halafu huko chini kuna maneno ya kiume. Maneno ya kiume gani? Nayasikia yote. Wanabishana nani ataagiza pizza.

Basi. Kila mwaka ligi ikiisha, watu wa besimenti hufanya pikiniki wanayoiita Kufunga Msimu, kwenye bustani ya kaunti karibu na University Boulevard, wikiendi ile ndefu ya mwisho wa Mei, ambayo Jumatatu yake ni sikukuu. Pana kibanda cha mbao, pana majiko ya mkaa, kila mtu analeta chake, Anti Zuhura analeta biriani. Na kabla ya kula (kabla, maana wakishakula hawasikii la mtu) kuna chemsha bongo ya mpira. Meza ya Besimenti kwa Meza ya Watoto. Anayeshindwa anaosha masufuria, na tangu nianze kwenda Kufunga Msimu masufuria tumeosha sisi.

Ijumaa jioni Anko alipita kwetu kuazima sufuria kubwa, akiwa mchangamfu, akanikuta mlangoni, akasema mbele ya Mama, kwa sauti ya mtu anayejua hatapoteza kitu, "Rehema, nyinyi watoto mkitushinda kesho, msimu ujao kochi la mbele ni lako. Mimi nitakaa kwenye zulia."

Mama alicheka. Mimi sikucheka. Nililisikia lile neno kochi kama mtu mwingine anavyosikia amepata kazi.

Pikinikini mambo yalikwenda vizuri kwa namna ambayo ningepaswa kuiogopa. Nahodha wetu alikuwa Wambui, Mkenya, jirani yetu wa mlango wa pili, ambaye mdomo wake haujui neno haya, na mtindo wetu ulikuwa mimi namnong'oneza, yeye anatangaza. Nani alishuka daraja akiwa bingwa mtetezi, mimi nanong'ona, Wambui anapaza. Mwaka gani ligi ilibadilishwa jina, nanong'ona, anapaza. Wazee wa Meza ya Besimenti wakaanza kutoa miwani na kuifuta. Tukafika swali la mwisho tukiwa sare, na Wambui ameshaanza kuwaonyesha wapi sabuni ilipo.

Hapo Anko Mbaraka, ambaye ndiye muulizaji (na ni shabiki, na ni mwenye maiki, na ni mwenye besimenti, yaani vyeo vyote anavyo yeye), akatabasamu na kusema swali la mwisho litajibiwa na mtu mmoja, kwenye maiki, bila kunong'onezwa. Akaninyooshea kidole.

Niliinuka. Nilitembea kutoka mezani mpaka mbele nikiwa sijui mikono yangu huwa naiweka wapi. Hata watoto waliokuwa wanakimbizana wakasimama kunitazama. Pembeni yangu ilikuwa ile meza ya kukunja yenye chakula, imetandikwa nailoni yenye maua, na sinia la foili la biriani likifuka moshi, na kando yake boksi la barafu, lile jeupe la povu linalolia kwii ukiligusa, limejaa soda. Tonton Ilunga, Mkongo mpole anayehesabu pointi kila mwaka kwa sababu hana timu, akatazama saa yake.

Anko akasoma swali taratibu, analionja kila neno. "Katika historia yote ya ligi ya juu kabisa ya Uingereza, ni timu gani pekee iliyomaliza msimu mzima bila kufungwa hata mechi moja?"

Na alikuwa amevaa fulana ya timu yake. Yaani alikuwa amevaa jibu.

Hapa ndipo nilipofanya uamuzi mdogo. Nilijua anachotaka. Kila mtu alijua anachotaka, hata wanawake waliokuwa wanageuza mishikaki, kwa sababu tangu miaka miwili iliyopita timu yake ilipomaliza mechi thelathini na nane bila kufungwa hakuna siku imepita hajalitaja. Kulikuwa na jina moja la kutamka. Nitamke, tushinde, Agosti nikae kwenye kochi. Nilisikia sauti ya Wambui nyuma yangu, ya chini, ya haraka, "Rehema, si useme tu hiyo jina tumalize."

Lakini alisema historia yote. Angesema tangu ligi ibadilishwe jina, ningemjibu bila tatizo. Angesema miaka ya karibuni, ningemjibu. Alisema historia yote, na mimi hiyo historia yote ninayo kichwani, na iko timu nyingine, ile ya msimu ule wa kwanza wa 1888, walishinda mechi kumi na nane wakatoka sare nne, hawakufungwa na mtu. Nilitaka kochi, wallahi nililitaka, lakini nilitaka nilikalie kwa kuwa najua mpira, siyo kwa kuwa nimeweza kusoma fulana ya mtu.

"Ziko mbili, Anko," nikasema.

Anko, polepole, kama anamwelekeza mgeni njia, akasema nisikilize swali vizuri, limesema pekee. Nikamwambia ndiyo, swali ndilo lenye makosa. (Hili sikulipanga. Lilitoka.) Nikaeleza ule msimu wa kwanza, zile mechi ishirini na mbili, kwa sauti yangu hii ya panya ambayo hata maiki haikuipenda. Mtu mmoja wa nyuma akauliza 1888 alikuwepo babu yake nani, watu wakacheka, na Anko alipoona wanacheka akapata nguvu, akasema hizo ni hadithi, ligi yenyewe imeanza 1992, ya kabla ya hapo hayahesabiwi.

Sasa niambieni. Kama mambo yanaanza kuhesabiwa pale sisi tulipopata televisheni, basi bibi yangu hajazaliwa.

Tonton Ilunga, Mungu ambariki, akainua mkono. "Mbaraka, weye mwenyewe ulisema historia yote. Mutoto iko na haki."

Mzozo ukaanza kwenye Meza ya Besimenti, huyu anasema hivi, huyu anasema vile, na harufu ya biriani inazidi, na ndipo Anko akatoa kauli inayomaliza kila ubishi katika nyumba ile. Akasema, "Tumpigie Saidi."

Saidi ni binamu yake. Saidi anaishi London. Hiyo ndiyo sifa yake yote. Besimenti ikikwama kwenye jambo lolote, kama mchezaji fulani ameumia goti au mguu, kama kocha atafukuzwa, wanampigia Saidi, kwa sababu Saidi yuko kule kule, na akishasema Saidi hakuna rufaa. Mimi naishi mwendo mfupi kwa basi na treni kutoka Ikulu ya Marekani, na hakuna hata siku moja mtu wa Tanga ameniuliza rais anawaza nini.

Basi kadi ya simu ikakwanguliwa, namba ndefu zikabonyezwa, Anko akabandika simu yake kwenye maiki ili umma usikie, na umma ukasikia kwanza yule dada wa kwenye rekodi akitaja dakika zilizobaki, kisha simu ikiita, kisha Saidi, mdomo umejaa chakula.

Anko akamuuliza ni timu gani pekee. Saidi akataja jina kabla swali halijaisha. Anko akamwambia kuna mtu hapa anabisha, anasema ziko mbili.

"Nani huyo?"

"Katoto ka Mwanaisha," akasema Anko, akimtaja Mama kwa jina.

"Ka kike?" akasema Saidi, na spika zikatoa sauti yake mpaka kwenye magari yaliyoegeshwa. "Mwambie akamsaidie mama yake kupakua, mpira atuachie sisi."

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Na nilipogeuka kumtafuta Mama (Baba hakuwepo, alikuwa kazini Herndon) nikamwona naye anacheka, kiganja mdomoni, kile kicheko cha kuomba radhi kwa ajili ya mtoto wako. Hicho ndicho kilichoniuma. Saidi simjui. Mama namjua.

Anko akachukua maiki, akatangaza Meza ya Besimenti wamechukua tena, watoto wakaoshe. Na yangeishia hapo, nawaapia ningeenda kuosha nikiwa nimenuna tu kama kawaida yangu, lakini furaha ikampanda kichwani, akaanza kuisifu timu yake kwa Saidi na kwa ulimwengu, timu kubwa, timu ya heshima, timu yenye makombe ya ligi kumi na matatu.

Kumi na matatu.

Nikasikia kitu kinafunguka ndani ya kichwa changu. Kwa sababu yale makombe nayajua, moja moja na mwaka wake. Kumi kati ya hayo walichukua kabla ya 1992. Yaani ya zamani hayahesabiwi yakiwa ya mwenzako, yakiwa yako yanahesabiwa? Kama historia inaanza 1992, basi makombe yake si kumi na matatu, ni matatu. Matatu tu. Hoja hiyo ilikuwa safi, fupi, haina pa kujibia, na nilikuwa nayo mimi peke yangu katika bustani nzima, na sikuwa na maiki.

Nikasema, "Anko." Hakusikia. Nikasema tena. Wambui akapiga kelele kwamba Rehema ana jambo, mpeni nafasi, na watu wa nyuma wakasema hatumwoni, hatumsikii, yuko wapi. Mimi ni mfupi. Nikatazama pembeni, nikaona kile kitu cheupe, kipana, kimekaa kama jukwaa, na mimi, ambaye darasani sijawahi kunyoosha mkono, nikapanda juu ya lile boksi la barafu.

Likalia kwii. Watu wote wakanigeukia. Niliwaona wote, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuogopa, nikavuta pumzi, nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo, "Kama tunahesabu kuanzia 1992, Anko, basi makombe yako ni ma..."

Mfuniko ukakatika.

Mguu wa kulia ukazama kwenye maji ya barafu mpaka gotini, wa kushoto ukabaki nje ukitafuta ardhi, na mkono, kwa akili yake wenyewe, ukashika kitu cha karibu, na kitu cha karibu kilikuwa ile nailoni yenye maua. Nailoni ikaja. Meza ikakunja miguu yake kama ngamia. Sinia la foili likateleza kwa utulivu kabisa, hata nilipata muda wa kuliona, likanikalia kifuani, kisha likajigeuza. Nyama, viazi, vitunguu vya kukaanga, wali wa rangi zote tatu. Bahati yangu, biriani ilikuwa imeshaanza kupoa kwa sababu ya ubishi. Nikakaa kwenye majani, mguu mmoja ndani ya boksi, jani la mnanaa kwenye nyusi, na makopo ya soda yakibingirika taratibu kuelekea kwenye gari la watu.

Hakuna aliyecheka mara moja. Walikuwa na njaa mno. Kilichosikika ni sauti ya Saidi kutoka London, bado iko kwenye maiki, inauliza kuna nini huko.

Na Anko Mbaraka, mtu mzima, mwenye watoto wake, badala ya kuja kuniinua, akamtangazia. Akamtangazia kama wale watangazaji wa redio, amepanda, ameteleza, amekwenda na meza, lo, biriani yote chini, Saidi, yote, hapana hajaumia, anatazama tu. Ndipo wakacheka. Walicheka mpaka wengine wakashika nguzo za kibanda. Mama na Wambui ndio waliokuja kunitoa, Mama akinifuta uso kwa kanga yake na kunong'ona, "Mwanangu, si ungenyamaza tu," na nikashindwa kumjibu kwamba huko kunyamaza nimekufanya miaka yote na sijaona kumenisaidia nini.

Anti Zuhura alisimama akitazama majani. Aliamka alfajiri kupika ile biriani. Watu wakala mishikaki na mkate, mtu akaenda kununua kuku wa kukaanga barabarani, na mimi nikaosha masufuria yote peke yangu, nikiwa nimelowa upande mmoja tu, na kila aliyepita kuleta chombo aliniita bingwa wa biriani. Kila mmoja. Hata wale ambao hawajui timu moja ya Uingereza. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa nasema makombe ni mangapi.

Nilidhani ndiyo mwisho. Leo asubuhi simu ikalia, Mama akapokea, akanipa, alikuwa Bibi kutoka Tanga. Saidi amempigia mtu, mtu amempigia mtu. Bibi aliniuliza kama nimeungua, nikasema sijaungua, akasema alhamdulillahi, akaniuliza na hilo friji la watu nililolivunja litalipwa na nani. Friji. Tanga nimevunja friji.

Nikarudisha simu kwa Mama nikamwambia nataka kwenda Adelphi kumwomba radhi Anti Zuhura. Alinitazama kwanza. Nadhani alitarajia angenibembeleza niende, mimi nikatae. Tukaenda.

Anti Zuhura alikuwa jikoni, chini wanaume wachache walikuwa wanatazama mkanda wa mabao ya msimu, nikasikia kwenye sakafu. Nilimwamkia, nikamwambia nisamehe Anti, ulipika tangu alfajiri. Akasema biriani atapika nyingine, mimi ningekatika mguu angeupika wapi. Halafu akafunga bomba la maji, akajikausha mikono, akasema, "Lakini mimi nilikuwa nakusikiliza. Ulikuwa unasema makombe yake ni mangapi?"

Nikamwambia. Kama tunaanza 1992, ni matatu.

Anti Zuhura akaegemea sinki, akacheka mpaka akatoa machozi, akamweleza Mama kwamba tangu aolewe na mtu huyu anakula na kumi na matatu, analala na kumi na matatu. Mama naye akacheka, na safari hii kicheko chake sikukichukia. Kisha Anti akafungua mlango wa besimenti, akauacha wazi, akaniambia nenda.

Nilishuka mpaka katikati ya ngazi. Miguu haikutaka zaidi ya hapo. Anko Mbaraka akaniona, akapunguza sauti ya televisheni, na sura yake ilikuwa ya mtu ambaye hakulala vizuri sana. Nikamwamkia. Akasema haya, bingwa wa biriani, karibu, amenifikiria, na yeye si mtu mbaya.

"Sema tu mbele ya hawa kwamba timu ni moja," akasema, "yaishe. Kochi lako hili hapa." Akasogea. Kweli akasogea, akapapasa mto.

Nililitazama lile kochi. Ni la ngozi, limebonyea katikati. Kutoka hapo televisheni inaonekana yote.

"Ziko mbili, Anko," nikasema. "Au kama hesabu inaanza 1992, basi makombe yako ni matatu, siyo kumi na matatu. Chagua wewe."

Tonton Ilunga, aliyekuwa miongoni mwao, akaanza kuhesabu kwa vidole. Kule juu Anti Zuhura alikohoa kile kikohozi ambacho si cha mafua. Anko akasema makombe ni mambo mengine, akaangalia wenzake, na wenzake wote kwa pamoja wakawa wanatazama televisheni isiyo na sauti. Nikamwambia asijali, atafikiria, msimu haujaanza.

Somo nimelipata, msidhani sijalipata: povu halikanyagwi, na kabla ya kujibu swali la mpira muulize muulizaji anaanza kuhesabu lini na ni shabiki wa nani. Sitapanda tena juu ya kitu cha mtu mbele za watu mpaka nakufa. Lakini ile aibu naona wamenibebesha mimi nzima, na nusu yake ilikuwa ya mtu mwingine.

Sikukaa kwenye kochi. Kupanda nako sikupanda. Nilikaa pale pale kwenye ngazi, katikati, ambapo ukiinamisha kichwa kidogo unaona kioo chote isipokuwa kona ya juu, nikatazama mabao. Baada ya muda Anko akaongeza sauti. Baada ya muda mwingine, bila kugeuka, akasema nifunge mlango huo juu, hewa yote ya baridi inapotea.

Nikamwambia siwezi, nimekaa.